Kutoka Mombasa hadi injini za plazma: mwongozo kamili kwa anayetaka uhandisi wa anga na fizikia ya plazma

Kila mwaka vijana wengi wa Pwani wenye akili ya hesabu hukwama mahali pawili palepale. Wa kwanza hutafuta digrii yenye neno "anga" hapa Mombasa, haioni, akakata tamaa na kusomea kitu kingine kabisa. Wa pili humaliza digrii yake vizuri, akaomba ufadhili wa ng'ambo vyuo kumi, asijibiwe na hata kimoja. Ukiyasoma maombi ya huyu wa pili utaona upungufu mara moja: yamejaa alama na hamu, lakini hayana kazi hata moja aliyoianza na kuimaliza mwenyewe.

Mwongozo huu umepangwa ili ufike kwenye maombi ukiwa na kazi mkononi. Ufuate kwa mpangilio. Aliye kidato cha tatu aanze hatua ya kwanza. Aliye chuo mwaka wa tatu asome hatua ya pili na ya tatu haraka, kisha aweke nguvu zake zote kwenye ya tano.

## Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta mpakato, hata ya mtumba, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 ikiwezekana. Gigabaiti 4 zitakufikisha, ila polepole.

Programu ya Python. Ni ya bure. Usikubali kuuziwa.

Akaunti ya Earthdata ya NASA. Ndiyo lango la kupakulia data. Nayo ni ya bure, unajisajili kwa barua pepe.

Bando la intaneti la kawaida. Faili utakazopakua hazizidi megabaiti chache kila moja.

Kaunta buku la karatasi nyingi. Kila hesabu na kila jaribio liingie humo na tarehe yake. Usilidharau: miaka minne baadaye ndilo litakalokukumbusha ulifanya nini na kwa nini.

Nyaraka: cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani, kitambulisho na pasipoti. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye zote. Kama cheti kimoja kinasema Mohamed na kingine Mohammed, lirekebishe sasa, usingoje wiki ya viza.

Walimu wawili wanaokujua kwa kazi yako. Anayekujua kwa namba ya usajili tu hatakufaa.

Mwisho ni muda. Digrii ya uhandisi Kenya ni miaka mitano. Uzamili huwa miaka miwili, na uzamivu minne au zaidi. Mweleze mzazi wako hivyo mapema, kwa heshima, ili asitarajie mshahara mwaka wa tatu.

## Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kuitamani

Plazma ni gesi iliyopata nguvu za kutosha hadi elektroni zikabanduka kutoka kwenye atomi. Hapo gesi hupitisha umeme na kutii uga wa sumaku. Unaiona kila siku: ndani ya taa ya tyubu dukani, na kwenye mwale wa fundi wa kulehemu kule Changamwe. (Mwale huo usiutazame bila kioo cha welda, hata kwa nukta moja. Unaunguza macho, na maumivu huja usiku.)

Mhandisi wa anga anayejua plazma hufanya kazi kwenye nyanja kama tatu. Kuna injini za umeme za setilaiti. Kuna joto na ukimya wa redio chombo kinaporudi duniani kwa kasi kubwa na hewa mbele yake kugeuka plazma. Na kuna ionosfia, tabaka la juu la anga ambalo jua huligeuza plazma kila mchana.

Chukua injini iitwayo Hall thruster. Gesi ya xenoni huingia kwenye mfereji wa duara, elektroni zilizonaswa na uga wa sumaku huzigonga atomi zake na kuzigeuza ioni, kisha uga wa umeme huzitupa nje ioni hizo. Urusi ya Kisovieti ilirusha injini ya aina hii mwaka 1971 kwenye setilaiti ya Meteor. Leo zipo angani kwa maelfu. Chombo cha Psyche cha NASA, kilichorushwa Oktoba 2023, kinasukumwa nazo kuelekea kwenye asteroidi yenye jina hilohilo.

Sasa fanya hesabu mbili kwa mkono wako.

Ya kwanza: ioni ya xenoni ikivutwa na volti 300 hutoka kwa kasi gani? Nishati ya umeme, yaani chaji mara volti, huwa sawa na nusu ya masi mara kasi ya mraba. Ukitumia masi ya xenoni, ambayo ni 131.3 kwa kipimo cha atomi, utapata takriban kilomita 21 kwa sekunde.

Ya pili: chombo cha kilo 1,000 kinataka kubadilisha kasi yake kwa kilomita 5 kwa sekunde. Mlinganyo wa Tsiolkovsky unasema badiliko hilo ni sawa na kasi ya moshi mara logi asilia ya masi ya mwanzo kugawa kwa masi ya mwisho. Kwa injini ya kemikali inayotupa moshi kwa kilomita 3 kwa sekunde utachoma kilo 811. Kwa injini ya plazma ya kilomita 16 kwa sekunde utatumia kilo 268 tu.

Tahadhari: msukumo wa injini hizi ni mdogo sana. SPT-100, mojawapo ya zilizotumika zaidi, hula wati 1,350 na kusukuma kwa milinewtoni 83, sawasawa na uzito wa gramu 8 na nusu. Haiwezi kuinua kitu kutoka ardhini. Hufanya kazi angani kwa maelfu ya saa bila kusimama, na kasi hujijenga kidogo kidogo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mdogo wako, kwa maneno yako, kwa nini injini dhaifu hivyo inashinda safari ndefu, na hesabu zako mbili zikatoa namba nilizotaja. Kama hazikutoka, usiendelee. Tafuta kosa, mara nyingi ni kilomita zilizochanganyika na mita.

## Hatua ya 2: Masomo ya sekondari

Hisabati, Fizikia na Kemia. Kwa wanaofanya KCSE, digrii nyingi za uhandisi zinataka angalau C+ kwenye kila moja, lakini hicho ni kizingiti cha kuingia mlangoni. Nafasi hugawanywa kwa pointi za klasta, na ushindani hupandisha kiwango juu zaidi ya hapo.

Kwa walioingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, chagueni mkondo wa sayansi na teknolojia, na Hisabati ya msingi kamili, si ile nyepesi iliyowekwa kwa mikondo mingine. Kosa hapa ni gumu kurekebisha.

Aliyepata chini ya kiwango hajafungiwa. Njia ya diploma ya uhandisi ipo, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kikiwemo, na mwenye diploma nzuri huendelea hadi digrii. Itakugharimu miaka zaidi.

## Hatua ya 3: Chagua digrii kwa kilichomo ndani

Mchagua jembe si mkulima, na hapa ndipo wengi hupotea. Digrii zenye jina la anga zipo Nairobi: Chuo Kikuu cha Kenyatta kina uhandisi wa anga za juu, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kina uhandisi wa ndege. Ukizipata na familia ikaweza gharama za kuishi kule, nenda. Lakini kukosa hizo si kuikosa kazi.

Mtazame Franklin Chang-Díaz, aliyezaliwa San José, Costa Rica, mwaka 1950. Digrii yake ya kwanza, aliyoipata Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 1973, ilikuwa ya uhandisi wa mitambo. Halafu akaenda MIT, akapata uzamivu wa fizikia ya plazma mwaka 1977. NASA ilimchagua kuwa mwanaanga mwaka 1980, akaruka mara saba kati ya 1986 na 2002. Mwaka 2005 alianzisha kampuni ya Ad Astra kuendeleza injini ya VASIMR, inayopasha plazma kwa mawimbi ya redio. Digrii ya mitambo kama hiyo inafundishwa Tudor.

Kwa anayebaki Mombasa, uhandisi wa mitambo au wa umeme unatosha kuwa msingi. Anayependa nadharia kuliko mashine achukue fizikia. Kipimo changu ni hiki: fungua orodha ya masomo ya miaka yote mitano, uhesabu. Inataka kuwe na hisabati angalau mihula minne, mekanika ya viowevu, thamodinamiki, na umeme na sumaku. Programu ikiwa na hivyo, ni yako, iitwe itakavyoitwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, hakikisha programu ya uhandisi imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya kabla ya kuiweka kwenye chaguo lako la KUCCPS, ofisi inayogawa nafasi za vyuo. Bila idhini hiyo hutasajiliwa kuwa mhandisi. Pili, kozi za ufundi wa matengenezo ya ndege, zile za leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ni kazi ya heshima na yenye soko, ila ni mlango mwingine. Haziongozi kwenye utafiti wa plazma.

## Hatua ya 4: Hesabu na programu ambazo chuo hakitakulazimisha

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila kimoja kinabeba kinachofuata: kalkulasi ya vekta, milinganyo ya difrenshali, sumaku-umeme hadi milinganyo ya Maxwell, kisha mwendo wa chembe moja yenye chaji ndani ya uga wa sumaku. Kozi za bure za MIT OpenCourseWare zinazo, nyingi zikiwa na mazoezi na majibu.

Upande wa kompyuta, jifunze Python pamoja na maktaba za NumPy na Matplotlib. Halafu pakua PlasmaPy, maktaba ya bure iliyoandikwa na wanafizikia wa plazma wenyewe. Ina hesabu nyingi za msingi za fani hii.

Jaribio la kujipima: ionosfia ya mchana inaweza kuwa na elektroni trilioni 1 kwa kila mita ya ujazo, na joto la takriban elektroni-volti 0.1. Tafuta umbali wa Debye (umbali ambao plazma hufunika chaji iliyo ndani yake) na masafa ya plazma (mtikisiko wa asili wa elektroni zake). Utapata kama milimita 2.35 na megahezi 9. Namba hiyo ya pili ina maana unayoijua: mawimbi ya redio yaliyo chini ya megahezi 9, yakipigwa wima kwenda juu, hayapiti. Hurudi chini. Ndiyo maana mawimbi mafupi yaliweza kuleta matangazo ya mbali hadi kwenye redio ya babu kule kijijini.

Ukiweza kuyafikia majibu haya kwa kalamu na kwa programu, yakakubaliana, uko tayari kwa kazi yenyewe.

## Hatua ya 5: Kamilisha kazi moja, kwa plazma iliyo juu ya paa lako

Hatua hii ndiyo uti wa mgongo wa mwongozo wote. Ipe miezi.

Huna maabara ya plazma Mombasa. Lakini juu yako, kuanzia takriban kilomita 80 kwenda juu, una plazma ambayo watafiti wa nchi za baridi wanaililia. Mchana, karibu na ikweta ya sumaku, uga wa umeme wa mashariki-magharibi pamoja na uga wa sumaku uliolala mlalo huinua plazma juu. Ikifika juu huteremka kando kando kwa kufuata mistari ya sumaku, na kurundikana kwenye mikanda miwili, mmoja kaskazini na mmoja kusini, kila mmoja takriban digrii 15 za sumaku kutoka ikweta hiyo. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, kwa hiyo Pwani ya Kenya iko karibu na mkanda wa kusini. Tuko mahali pazuri.

Na kipimo kipo jirani. Malindi, kwenye Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, palepale ambapo Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 mwaka 1967 na ambapo Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, kuna kipokezi cha GPS cha mtandao wa kimataifa. Jina lake kwenye faili ni MAL2. Data zake zimehifadhiwa mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuzipakua bure.

5.1 Pakua. Ingia kwenye CDDIS, hifadhi ya NASA ya data hizi, kwa akaunti yako ya Earthdata, utafute faili ya siku moja ya sekunde 30 kwa 30. Faili ya siku unayotaka isipokuwepo, jaribu RCMN ya Nairobi au MBAR ya Mbarara, Uganda. Anza na siku tulivu, dhoruba za sumaku tutazifikia.

5.2 Fungua. Faili huja imebanwa kwa namna mbili juu ya nyingine. Maktaba ya Python iitwayo hatanaka huifungua, na nyingine iitwayo georinex huisoma. Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu faili iliyofunguliwa nusu huonekana kama uchafu wa herufi. Haijaharibika, imebaki tabaka moja.

5.3 Toa tofauti. Kila setilaiti ya GPS hutuma angalau kwa masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1227.60. Plazma huchelewesha zaidi yale ya chini. Kwa hiyo chukua umbali uliopimwa kwa masafa ya pili, toa uliopimwa kwa ya kwanza. Kwenye faili mpya huitwa C2W na C1W. Kila mita 1 ya tofauti ni takriban vipimo 9.5 vya TEC, yaani jumla ya elektroni zilizo njiani, ambapo kipimo kimoja ni elektroni milioni mara bilioni 10 kwenye nguzo ya mita moja ya mraba kutoka kwako hadi kwenye setilaiti.

Usiikubali namba hiyo ya 9.5 kwa sababu nimeiandika. Itoe mwenyewe: 40.3 ndiyo namba ya kuchelewa kwa ionosfia, na masafa umepewa. Mtu akikuuliza kwenye usaili imetoka wapi, uwe unajua.

5.4 Ondoa upotofu wa mitambo. Vifaa vya setilaiti na vya kipokezi huchelewesha masafa mawili kwa viwango tofauti, na upotofu huo hauhusiani na plazma hata kidogo. Nanosekunde moja tu huleta vipimo 2.9 vya uongo. Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, huchapisha upotofu wa kila setilaiti. Wa kipokezi utaukadiria mwenyewe: utafute unaofanya setilaiti zote zikubaliane usiku wa manane, wakati plazma ni chache.

Dalili ya kuruka hatua hii ni TEC hasi. Hakuna elektroni hasi kwa idadi. Ukiona namba ziko chini ya sifuri, rudi hapa.

5.5 Simamisha wima. Setilaiti iliyo karibu na upeo hupita kwenye plazma kwa mshazari, ikahesabu nyingi kuliko zilizopo. Zitupe zote zilizo chini ya digrii 30, na zilizobaki uzirekebishe kwa pembe yake.

5.6 Chora. Saa chini, TEC pembeni.

Tahadhari ya saa: faili hutumia saa ya GPS, iliyo nyuma ya saa yetu kwa takriban saa tatu. Kilele kikionekana kati ya 11:00 na 13:00 kwenye mchoro, hapo Mombasa ni saa nane hadi saa kumi alasiri. Andika kwenye mchoro unatumia saa gani.

Mchoro uliofaulu utautambua: uko chini kabisa kabla ya alfajiri, unapanda kwa kasi jua likichomoza, unafika kilele alasiri mapema, unashuka jioni. Miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, hasa miaka jua likiwa na madoa mengi, angalia baada ya magharibi: mstari unaweza kuchafuka na setilaiti kupotea kwa muda. Hayo ni mapovu ya plazma nyepesi yakipanda ndani ya nzito. Ndiyo yanayovuruga GPS ya meli na ya wapimaji ardhi jioni.

5.7 Uliza swali moja. Mchoro peke yake ni zoezi. Unakuwa utafiti ukiwa na swali. Mfano: dhoruba kubwa ya sumaku ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilifanya nini juu ya Pwani ya Kenya? Linganisha siku tano kabla na siku tano baada. Andika kurasa sita: swali, data, njia, mchoro, mipaka ya kazi yako, jibu. Hapo kwenye mipaka uwe mkweli kabisa, maana ndipo profesa hutazama kwanza. Weka programu yako hadharani ili mwingine aweze kuirudia.

Mpe mwalimu wako wa fizikia asome kabla ya mtu yeyote. Akikurudishia ikiwa na wino mwekundu, shukuru, sahihisha, mrudishie. Barua ya mapendekezo nzuri huzaliwa kwenye kurudishiana huko.

## Hatua ya 6: Zoeza mikono, hasa kwenye ombwe

Injini ya plazma hupimwa ndani ya pipa lililotolewa hewa, na nusu ya kazi ya maabara hizo ni kutafuta mahali hewa inapovuja. Hili unaweza kujifunza Mombasa, kwa sababu mji wetu wa joto umejaa mafundi wa friji na kiyoyozi.

Tafuta fundi mwenye geji ya maikroni, kipimo cha shinikizo dogo la hewa, kwani wengi hutumia geji za manifoldi tu. Mwombe kwa adabu umsaidie siku za Jumamosi. Tazama anavyofunga mipira kwenye bomba la shaba, anawasha pampu ya vakyumu, anangoja namba ishuke. Hewa ya kawaida ni maikroni 760,000. Ikifika kama 32,000, maji yoyote yaliyomo bombani huchemka kwa joto la chumba chetu cha digrii 30 na kutoka kama mvuke. Fundi mzuri hushusha hadi 500 au chini zaidi.

Halafu mwombe afunge vali na kuzima pampu, mwangalie geji pamoja. Namba ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, ni unyevu uliobaki. Kipimo hichohicho hutumika kwenye maabara kubwa, tofauti ni kina: pipa la kupimia Hall thruster huhitaji hewa chini ya fundi huyo mara 50,000 hivi. Andika kwenye kaunta buku kila ulichokiona, na namba zake.

Mafunzo ya kazini ya chuo yatumie kwa akili hiyohiyo. Usikubali kuketishwa ofisini kupanga mafaili. Omba karakana yenye lathe, ulehemu wa TIG, au umeme wa volti ya juu, iwe bandarini, kwenye kituo cha umeme au uwanja wa ndege.

Onyo kubwa. Usifungue maikrowevu ili kutengeneza plazma nyumbani, hata kama umeona video inayoonyesha ni rahisi. Transfoma yake hutoa zaidi ya volti 2,000 kwa mkondo unaoua, na kapasita yake hubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Watu wamekufa kwa kuchezea transfoma hizi. Volti ya juu ishike ndani ya maabara, ukiwa na anayejua, kamwe si peke yako.

## Hatua ya 7: Omba shahada ya juu

Anza miezi 15 kabla ya tarehe ya kuanza masomo. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu Desemba au Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba.

Pa kuangalia. Marekani, uzamivu wa uhandisi na sayansi kwa kawaida huja na ada iliyolipwa na posho, na unaweza kuingia moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Ulaya kuna shahada za Erasmus Mundus, ikiwemo ya uhandisi wa fyusheni (kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati), zenye ufadhili. Ujerumani kuna DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo. Karibu zaidi, taasisi ya ICTP ya Kigali ina uzamili wa fizikia, mtandao wa AIMS una uzamili wa hisabati wenye ufadhili, na kituo cha hali ya anga za juu cha SANSA, shirika la anga la Afrika Kusini, kule Hermanus, kinafanya kazi ileile uliyoianza na faili za Malindi. Mimi nampendekezea anayetoka hapa kwetu afikirie uzamili ndani ya Afrika kwanza. Utaingia uzamivu ukiwa na chapisho.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi. Marekani ina sheria za kudhibiti teknolojia za kijeshi na za anga, maarufu ITAR. Kampuni nyingi za roketi na setilaiti kule kwa kawaida hazimwajiri asiye raia au mkazi wa kudumu, na baadhi ya miradi ya vyuo nayo humfungia mgeni. Muulize profesa mapema: "Je, mradi huu uko wazi kwa mwanafunzi wa kigeni?" Utafiti wa plazma ya msingi, ionosfia na fyusheni kwa kawaida uko wazi. Ulaya na Japani nako kuna maabara za injini za umeme.

Barua kwa profesa. Iwe fupi, kwa Kiingereza, na iwe na mambo manne tu: wewe ni nani, kwa sentensi moja; makala gani yake umesoma na nini ndani yake kimekugusa; kazi yako, na mchoro mmoja umeambatishwa; na swali moja linalojibika kwa mistari miwili. Usiandike maisha yako. Usimwite "Mpendwa Bwana/Bibi". Usitume barua moja kwa watu hamsini, maana hutambulika papo hapo. Wasipojibu kwa wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha songa mbele.

Ada na mawakala. Andikia ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada ya maombi. Baadhi ya vyuo huutoa kwa mwanafunzi wa nchi kama yetu. Wakala akikuomba pesa ili "akuhakikishie" ufadhili, ondoka. Ufadhili wa kweli hauuzwi. Tumeona familia ikiuza shamba kwa ahadi kama hiyo, na barua ya chuo ikawa ya kughushi.

Usaili ukifika, utafunguliwa mchoro wako na kuulizwa: kwa nini hapa panashuka? Ungebadilisha nini? Jizoeze kujibu kwa sauti, mbele ya rafiki, kaunta buku likiwa pembeni. Ukifika mahali hujui, sema hujui, kisha eleza ungepimaje.

## Hatua ya 8: Panga kazi ya mkate

Kazi za injini za plazma ni chache duniani na hazipo Mombasa. Panga ukijua hivyo.

Ujuzi uleule una soko pengine. Viwanda vya chipu za kompyuta huchonga sakiti kwa plazma na huajiri wanafizikia wake kwa wingi. Upimaji ardhi, usafiri wa majini na wa ndege unahitaji watu wanaoelewa makosa ya GPS. Nyumbani, Shirika la Anga la Kenya lilianzishwa mwaka 2017, na setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Kabla yake Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeshapeleka kisetilaiti chake angani mwaka 2018. Timu hizi ni ndogo na nafasi hutangazwa mara chache, kwa hiyo jitokeze kwenye warsha zao ukiwa bado mwanafunzi.

Ukimaliza digrii ya uhandisi, jisajili na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu hata kama unaondoka nchini. Fomu ni nyepesi ukiwa hapa, na ni usumbufu ukiwa mbali. Transkripti nazo chukua nakala kadhaa zilizotiwa muhuri siku hiyohiyo ya kuchukua cheti, uache seti moja kwa mama.